Sisimizi wa Nyuma ya Bafu

Shangazi yangu, dada yake baba, nilimchukia kwa moyo wangu wote, na sioni haya kusema.

Kule milimani Lumuma kila nyumba ilikuwa na kificho chake. Tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa, nyumba zikapangwa mistari, ya kwako ikawa ya wote. Mama alikuwa na kidonda juu ya kifundo cha mguu. Zahanati walikiosha, wakakipaka dawa ya zambarau, wakakifunga, nacho kisikauke. Maji alikunywa kupita kiasi, haja ndogo haikumpa nafasi ya kulala, na nyuma ya bafu letu la mabua wakajaa sisimizi.

Shangazi akawaona. Akasimama bombani mbele ya wanawake akasema, "Wifi yangu ametoka nje ya ndoa. Sisimizi hawamfuati mtu msafi." Baba, akili zake kamwachia dada yake, akaamini. Akamkataza mama kwenda hospitali Kilosa mpaka akiri. Akiri nini? Mjomba alipokuja kumchukua kwa nguvu, hospitalini walimpima mkojo wakakuta ugonjwa wa sukari. Mguu ulishaoza. Waliukata chini ya goti.

Miaka ikapita. Shangazi akajikata kidole cha mguu kwa jembe, kikagoma kupona. Nilikwenda kumjulia hali, nikapita nyuma ya bafu lake. Sisimizi tele. Nilicheka peke yangu.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu."

"Wale sisimizi kule nyuma wamemfuata nani?"

Baadaye akaniomba nimpeleke Kilosa kimyakimya, watu wasijue. Nikamwambia nitampeleka, ila tutapitia bombani.

Wanawake walikuwapo, mama pia, na gongo lake la kutembelea. Nikasema shangazi ana neno. Akainamisha kichwa, akasema wifi yake hakuwa na kosa lolote, yalikuwa maradhi tu.

"Basi, mwanangu," mama akasema, "mpeleke akapimwe mkojo, wasije wakamkata naye."

Nikasema wa nyuma hawajasikia. Shangazi akarudia kwa sauti, huku analia, na mimi nikamwangalia mpaka akamaliza.

Kidole kilipona kwa sababu aliwahi dawa. Mama aliridhika. Mimi, kila nilipomwona shangazi anakuja na miguu yake miwili, nilitamani kumrudisha bombani aseme tena.