Sarafu Nilizozisugua kwa Mchanga wa Ziwa

Bado naikumbuka siku moja ya kiangazi, mwanangu, nilipoketi ufukweni hapa Uvira nikisugua sarafu za baba yangu kwa mchanga na ndimu mpaka zikang'aa. Nilikuwa na miaka kumi na saba, nasoma sekondari, na kichwa kilikuwa kimevimba kwa elimu. Ujana ni moshi, husema wazee. Wangu ulikuwa moshi wa kuni mbichi, ulinifumba macho mimi mwenyewe.

Baba alikuwa mvuvi wa ndagala, dagaa wa ziwa letu, asiyejua kusoma wala kuandika. Chini ya kitanda chake, mtaani kwetu Nyamianda, aliweka kopo la maziwa lenye sarafu za zamani, zile ambazo hata wakati huo hakuna duka lililozipokea. Zilikuwamo za enzi ya Wabelgiji zenye tundu katikati, zilikuwamo za Burundi, hata chache zilizovuka ziwa kutoka Kigoma. Kila moja aliifunga katika kitambaa chake: kipande cha kitenge, ukingo wa shati, pindo la gauni. Mimi niliona matambara tu.

Shuleni tulikuwa na mwalimu aliyependa kukusanya sarafu. Alizipanga kwa nchi na kwa mwaka katika daftari lenye mifuko midogo, akatangaza kwamba mwenye mkusanyo mzuri atauonyesha kwa watu wote siku ya sherehe ya shule. Nami nilitaka kusifiwa, sikufichi. Baba alipokwenda kwa rafiki yake kushona nyavu, nililitoa kopo, nikafungua vitambaa vyote nikavitupa ziwani, nikasugua sarafu, kisha nikazipanga juu ya ubao kwa miaka yake. Kuuliza si ujinga, lakini sikumuuliza mtu.

Aliporudi nilimwita aje aone. Alichuchumaa mbele ya ubao, akatazama safu kwa safu.

"Umezipanga muzuri," akasema. "Sasa unionyeshe: ya mama yako iko wapi?"

Mama alifariki nikiwa mdogo sana, hata sura yake nasimuliwa tu. Ndipo siku ile baba akanieleza desturi yake. Mtu wake akifa au akihama, alitunza sarafu moja iliyopita mkononi mwa mtu huyo, akaifunga kwa kipande cha nguo yake. Ya mama ilitoka kijiji cha Lubarika, siku alipouza mpunga wake wa kwanza, akiwa bado msichana. Nyingine ilikuwa ya mdogo wake baba aliyezama. Nyingine ya jirani aliyepanda milima ya Bijombo na ng'ombe wake asirudi tena. Baba alizijua kwa vitambaa, na kwa madoa na kutu yake. Vyote nilikuwa nimeviondoa.

"Baba, minye nilizisafisha tu," nikasema.

"Weye haukusafisha, mwanangu. Ulifuta batu."

Hakunipiga. Afadhali angenipiga. Aliinua sarafu moja moja, akaisogeza karibu na macho, akaigeuza, akairudisha. Zote ziling'aa namna moja. Kisha akazimimina ndani ya kopo, na tangu siku ile mpaka tunamzika sikumwona akilifungua. Kwenye sherehe ya shule sikwenda.

Juzi mjukuu wangu Neema, msichana wa chuo, alizipiga picha sarafu hizo kwa simu yake. Kumbe naye ameingiwa na mapenzi hayohayo ya kukusanya.

"Babu, batu biko bachache sasa benye kukusanya," akaniambia. "Siye tunalipa na noti, tunalipa na simu. Kesho watoto batakusanya nini?"

Mtoto wa Uvira leo ukimpa sarafu atauliza ni kifungo cha koti gani. Neema akachagua moja yenye tundu, akaiweka kiganjani. "Na hii, ilikuwa ya nani?"

Nikamwambia sijui. Aliniuliza tena kwa nyingine, nami nikamwambia sijui, na machozi yakanitoka mbele ya mtoto. Siku hizi nikiwa peke yangu nazishika zote, moja baada ya nyingine, kwa sababu mojawapo ni ya mama yangu.

Basi nisikilize, wewe unayetaka kukusanya sarafu. Kusanya, mwanangu, usiogope kwamba sarafu zimekwisha sokoni. Zilizobaki makoponi na masandukuni mwenu ndizo hizo, hazitakuja nyingine. Usizisugue. Hata wakusanyaji wenyewe huikataa iliyosuguliwa. Usifungue fundo usilojua nani alilifunga. Mali bila daftari huisha bila habari, walisema wazee wakifikiria biashara, nami nakuambia hata watu huisha hivyo. Andika jina la mkono uliotoa, mahali na sababu, ndipo uandike mwaka ukitaka. Na uulize leo, mdomo ungali na nguvu ya kujibu. Mimi nililala nyumba moja na jibu miaka kumi na saba.

Mungu akupe mikono mipole na masikio yasiyo na haraka. Akuwekee wazee wako mpaka wamalize kukusimulia, na usije ukamshika mama yako mkononi bila kumtambua.