Chumba cha Wenye F ya Hesabu

Chuo cha uuguzi kilinipokea kwa sharti. Baiolojia na kemia nilifaulu, lakini hesabu nilipata F, kwa hiyo nisome kwanza darasa la matayarisho miezi mitatu, kisha nifanye mtihani. Nikianguka, nirudi kwetu Kigombe. Sharti hilo sikumwambia mama. Alikwishawatangazia majirani kwamba bintiye anakuwa nesi.

Tulikuwa kumi na mmoja katika chumba cha nyuma. Wanafunzi wengine walituita chekechea. Karibu yangu aliketi mama mtu mzima, mhudumu wa wodi wa miaka mingi, aliyetaka uuguzi kabla hajastaafu. Nikimwamkia shikamoo, aliitikia kwa sauti ndogo. Naye aliogopa.

Wiki ya pili mwalimu aliniita ubaoni. Dawa ya maji ina miligramu mia kwa kila mililita. Mtoto anatakiwa apate miligramu mia mbili na hamsini. Mililita ngapi? Niliandika 25.

Mwalimu hakukasirika. "Ni mbili na nusu," alisema. "Hiyo yako ni mara kumi. Mtoto huyo ameshakufa."

Nilirudi kitini. Hadi siku ile nilikuwa nikiogopa kuanguka. Tangu hapo nikaanza kuogopa kufaulu.

Jioni yule mama alinikuta bwenini nafunga begi.

"Wapi, mwanangu?"

"Nyumbani. Nitakuja kuua mtu."

Alikaa kitandani. "Mimi hata kugawanya sijui. Ukiondoka, nitamwuliza nani?"

Kesho yake alikuja na bomba jipya la sindano, la mililita tano, na kikombe cha maji. Akavuta mbili na nusu, akanionyesha. Kisha akavuta ishirini na tano: bomba tele, mara tano, kila mara akiyamwaga bakulini. Nilitazama maji yale yote kwenye bakuli. Begi nililifungua. Kila jioni tukapiga hesabu, tukavuta maji.

Majibu ya mtihani yalipobandikwa, nilisimama nyuma ya wenzangu, sikuthubutu kutazama. Yule mama ndiye aliyeliona jina langu kwenye orodha. Lake halikuwemo.

"Hongera," alisema, akanishika bega.

Jumatatu alirudi wodini kwake. Darasa la matayarisho lililofuata lilipofunguliwa, nilimkuta mlangoni na daftari jipya, anasubiri mwalimu.