Begi la Kwenda Paje kwa Miguu

Begi la kwanza nililinunua kwa sababu ya rangi yake. Lilikuwa la zambarau, limetundikwa juu ya mlango wa duka. Mimi na walimu wenzangu wawili tulikuwa tumekubaliana kwamba likizo ya skuli ikifika tutatembea kutoka mjini hadi Paje, upande wa pili wa kisiwa, siku mbili, kila mtu na mzigo wake mgongoni. Tukaenda kujaribu hadi Bububu, nje kidogo ya mji. Niliporudi nyumbani mabega yalikuwa na michirizi myekundu kama niliyefungwa kamba, na shingo ilikataa kugeuka kwa siku mbili.

Mwenzangu mmoja akanielekeza kwa mama anayeuza mabegi ya mitumba Darajani. Nilimkuta juu ya kigoda, anashona zipu.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu. Unataka begi la kwendea wapi?"

"Paje. N'nakwenda kwa miguu."

Wengine wote niliowaambia walicheka. Yeye aliweka sindano chini, akaniambia nigeuke, akanipima mgongo kwa shubiri, kuanzia mfupa wa shingo hadi juu ya nyonga.

"Mgongo wako mfupi," akasema. Akalitazama lile la zambarau mkononi mwangu. "Hili lilikuwa linakukalia makalioni."

Ndivyo lilivyokuwa, na wala hakuniona nikilivaa.

Nikanyoosha mkono kwenye begi kubwa lenye mifuko kila upande. Akatikisa kichwa. "Hilo utalijaza kwa kuwa lina nafasi tu."

Akateremsha mengine mawili, akaenda duka la jirani kuazima mchele, kilo sita, akaupanga ndani ya la kwanza ili mzigo uegemee mgongo. Akanifundisha kufunga mkanda wa kiunoni kwanza, juu ya mifupa ya nyonga, ndipo nikaze ya mabegani.

"Nyonga ndiyo ibebe. Mabega kazi yao kuzuia mzigo usiyumbe. Haya, nenda mpaka mwisho wa uchochoro, upande ngazi za ile ghorofa, urudi."

Nikaenda, watu wakinitazama. Niliporudi akanivua begi kabla sijasema kitu.

"Unainua bega la kushoto. Linakukwaruza kwapani."

Mimi mwenyewe sikuwa nimehisi. La pili lilikuwa la kijivu, limepauka, mikanda yake mipana yenye sponji nene. Nilipanda ngazi nalo mara mbili, na mara ya pili nilikuwa nafikiria mambo yangu mengine kabisa.

Nilimuuliza kajifunza wapi.

"Nimebeba mwani mbichi miaka kumi na mbili, kutoka majini mpaka pwani," akasema, kwa sauti ile ile anayotumia mtu akikutajia skuli aliyosoma.

Tulitembea. Tulilala karibu na msitu wa Jozani, na siku ya pili alasiri tukafika Paje. Wenzangu walijitupa mchangani wakikandana mabega. Mimi miguu iliniuma, lakini mgongo ulikuwa mzima, nikasimama na begi langu hivyo hivyo, nikimfikiria yule mama kwa heshima ambayo mara nyingi huwawekea walionisomesha.

Wiki iliyofuata nikarudi Darajani kumshukuru. Alinisikiliza huku akiligeuza begi ndani na nje. Akaona mshono umeanza kulegea chini ya mkanda mmoja, akatunga uzi, akaurudia mshono ule mara mbili, kisha akanirudishia begi langu.