Nilimzuia Baba Kulipa Mbuzi wa Msiba

Jina langu liacheni. Ofisi yangu iko Geita mjini, kibao kipo mlangoni na wateja wananiita msomi, nikijitaja hapa nitakosa hata wa kunisalimia. Lakini nimechoka kulibeba hili peke yangu. Mama yangu alizikwa na vibarua wa kukodi, kijijini kwake mwenyewe, na aliyesababisha ni mimi. Si mchawi, si shetani. Ni mimi na mdomo wangu!

Nilikuwa mwaka wa pili wa sheria. Mliopita huko mnaujua ule ugonjwa wa mwaka wa pili. Umeshaisoma katiba, umekariri maneno mawili matatu ya Kilatini, basi kila anayekohoa mbele yako unamwambia ana haki zake. Na mimi nilikuwa na jambo jingine ambalo sikumwambia mtu. Nilikuwa nimefeli masomo mawili, natakiwa kurudia mitihani, na nyumbani wanatamba kwamba mtoto wao ni kichwa. Nilirudi likizo roho inaniuma, natafuta mahali pa kuonekana mwanasheria.

Kwetu ni upande wa Kharumwa. Wengi wanalima, wengine wanachimba dhahabu kwenye maduara, yale mashimo ya wachimbaji wadogo. Msiba kwetu ni wa wote. Mtu akifa, kila kaya inapeleka kuni, maji na unga, na wanaume wanachimba kaburi. Usipotokea na hukuaga, sungusungu, ulinzi wetu wa jadi, wanakutoza faini. Ukigoma kulipa unatengwa. Mtoto wa kwetu anayajua hayo kabla hajajua kusoma.

Wiki niliyofika, baba alikuwa ametozwa. Alikosa mazishi ya jirani kwa sababu alikuwa mnadani anauza ng'ombe wa ada yangu. Faini ilikuwa mbuzi mmoja. Baba hakunung'unika hata kidogo. Alishamtenga beberu, kamfunga kamba, anangoja kumpeleka. Mama naye alishasema mbuzi aende, yaishe.

Mimi ndiye niliyemfungua yule mbuzi. Kwa mkono wangu huu huu!

Nikamwambia baba hakuna sheria ya nchi inayowapa wale watu mamlaka ya kumhukumu. Akilipa mbuzi leo, nikasema, kesho watataka ng'ombe. Baba akanijibu kwamba yeye hana shida na mbuzi. Ndipo nikamwambia amenisomesha kwa jasho lake ili asionewe tena, na kwamba akilipa atakuwa amenidharau. Nilijua nikisema hivyo hatabisha. Baba yangu aliishia darasa la nne, na tangu nianze chuo alikuwa ananiogopa kidogo. Wakati ule jambo hilo lilinifurahisha, Mungu anisamehe.

Kikaitwa kikao pale uwanja wa shule. Nikasimama mbele ya watu walionibeba mgongoni, sikutoa hata shikamoo ya maana, nikaanza kumwaga sheria. Nikataja ibara, nikataja haki ya kusikilizwa, nikachomekea na Kiingereza. Wazee walinitazama tu. Vijana wawili watatu walinipigia makofi, nami nikavimba kichwa.

Kiongozi wa sungusungu, ambaye kwetu anaitwa mtemi, hakugombana na mimi. Hata hakunitazama. Alimgeukia baba.

"Baba Minza, hayo ni maneno yako au ni ya mtoto?"

Minza ni dada yangu mkubwa. Baba aligeuka akanitazama. Alikuwa na mlango wa kutokea pale, na wote tuliuona. Angesema ni ya mtoto, wangecheka, angelipa, tungekwenda nyumbani. Lakini angeniaibisha mbele ya watu, na baba yangu hajawahi kuniaibisha.

"Ni yangu," akasema.

Mtemi akasema basi wamesikia, akafunga kikao. Nami nikarudi nyumbani natembea kama nimeshinda kesi mahakama ya rufani. Jamani, tena nikasema yule mbuzi achinjwe tule! Mama alimpika. Yeye mwenyewe hakugusa nyama.

Kutengwa hakuna kelele, ndugu zangu. Hakuna anayekutukana. Mama alikwenda dukani kununua chumvi, akaambiwa imekwisha, na pakiti anaziona kwenye rafu. Akaenda mashineni kusaga mahindi, akaambiwa mashine mbovu, na wenzake wanasaga. Akimwambia mtu "Ng'wadila mayu", ile salamu yetu ya mchana, mtu anatazama pembeni. Akawa anatembea na debe kichwani hadi kijiji cha pili kwenda kusaga. Wanakwaya wenzake kanisani wakawa wanamwachia nafasi pande zote mbili, anaimba amesimama peke yake.

Haya nilisimuliwa baadaye. Mimi nilikuwa nimesharudi chuo. Nikipiga simu baba ananiambia wako salama, mvua imeanza, nisome kwa bidii. Alikuwa ananificha ili nisikose raha ya kusoma. Aliyenipa ukweli ni Minza, aliyeolewa Ibadakuli. Alinipigia akaniambia mama hasalimiwi, anakonda, presha inapanda, panda gari njoo uombe radhi, baba hawezi kwenda kwa sababu alishasema kikaoni maneno ni yake. Unajua nilimjibu nini? Nilimwambia wanachokifanya ni kosa la jinai, akusanye ushahidi!

Ushahidi! Dada yangu analia kwenye simu, mimi namwagiza ushahidi.

Mitihani ile niliirudia nikapita, halafu nikachaguliwa kuwakilisha chuo kwenye mashindano ya mahakama ya mfano, yale ambayo wanafunzi tunavaa suti tunabishana mbele ya majaji wa kujifanya. Mada ilikuwa haki za binadamu. Nilizungumzia utu wa mtu na kutobaguliwa mpaka wengine wakatikisa kichwa kwa kunikubali. Minza alipiga tena siku zile za maandalizi, nikamwambia anisubiri nimalize. Tulishinda, tukapewa kikombe, tukapiga picha.

Mama alianguka asubuhi moja anafagia ua. Baba alikimbia kwa kijana mwenye pikipiki, kijana tuliyemlea karibu kama wa kwetu. Yule kijana aliinama, akamwambia, mzee, nikikubeba wewe nitatengwa na mimi. Simlaumu. Baba akamkalisha mama kwenye baiskeli, akaisukuma hadi barabara kubwa huku anamshika asidondoke. Walipata gari pale, lakini mama alifia hospitalini kabla sijafika. Sijui kama pikipiki ingemwokoa. Daktari hakusema, na mimi sikuthubutu kuuliza.

Tulipomrudisha nyumbani, Mungu wangu, ua ulikuwa mtupu. Msiba wa Msukuma, na hakuna kuni, hakuna sufuria, hakuna mwanamke hata mmoja wa jirani anayelia! Tulikuwa sisi, Minza na wakwe zake, na mchungaji ambaye alikuwa anatazama saa.  Baba alichukua jembe akaenda kuchimba kaburi la mke wake. Nikamfuata. Ardhi ya pale chini ni mwamba, na mpaka jua linawaka sana tulikuwa hatujafika hata magotini. Viganja vyangu vya kushika kalamu vilichanika vyote. 

Nikaenda kwenye maduara kukodi wachimbaji.

Walikuja vijana wa watu, wageni kutoka pande za Bulyanhulu, hawamjui marehemu wala hawajui habari zetu. Kwao ilikuwa kazi tu. Walikuja na nyundo na tindo na redio ndogo inaimba. Mkubwa wao akaingia kwenye lile shimo, akapiga mguu kuupima mwamba, akaniuliza:

"Tushuke futi ngapi, bosi?"

Sikujua. Sikuwa najua kaburi linachimbwa futi ngapi, kwa sababu kwetu hakuna anayeuliza, wazee wapo wanajua. Mmoja wao aliokota jiwe kutoka kaburini kwa mama yangu, akalilowesha kwa mate, akawa analigeuzageuza juani kuangalia kama lina dhahabu. Baba alimwona. Akageuka akatazama zizi.

Majirani walikuwa wamesimama kila mtu kwenye uzio wake. Mama Holo, aliyekuwa rafiki wa mama tangu wote wawili wameletwa kuolewa pale, alikaa mlangoni kwake kajifunika kanga usoni, mabega yanatikisika. Hakuvuka. Asingeweza kuvuka.

Tulipomaliza kufukia, Minza alinisogelea. Nilidhani anataka kunishika mkono.

"Umeshinda kesi?" akaniuliza. Basi, akaondoka.

Siku ya pili baba hakuniaga. Alitoa ng'ombe zizini, akaenda naye kwenye kikao, akaomba radhi kwa kinywa chake. Nasikia hata hakumaliza kuongea. Walimpokea palepale. Asubuhi yake ua ulijaa! Kuni, unga, maji, wanawake wanajitupa juu ya kaburi la mama wanaomboleza, mtemi mwenyewe analia machozi. Walikuwa wanampenda. Muda wote ule walikuwa wanangoja tu aje mtu kutoka kwetu aseme tumekosa, na Minza aliponipigia nije, nauli nilikuwa nayo na miguu nilikuwa nayo.

Na unadhani nilijifunza siku ile? Wapi! Nilimfuata baba nyuma ya nyumba nikamwambia nitawafungulia mashtaka wote, mmoja mmoja. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu, wewe Jumatatu unaondoka," akasema. "Mimi nabaki hapa."

Nilimaliza digrii, nikapita shule ya sheria kwa vitendo, nikaapishwa kuwa wakili. Wenzangu walipiga picha na wazazi wao. Baba alituma ujumbe kwamba kuna mazishi kijijini na yeye anachimba. Hakuwa na hasira, alinitakia baraka. Ni kwamba siku hizi hakosi kaburi la mtu, hata akiwa anaumwa anajikongoja na jembe lake.

Jambo linalonikera mpaka leo ni kwamba nimezisoma tena zile sheria nikiwa wakili kamili, na sikuwa nimekosea. Ningeweza kusimama kesho mbele ya jaji nikashinda. Ninapoamka usiku natamani ningekuwa nimekosea, angalau ningekuwa mjinga tu.

Juzi alikuja ofisini mwalimu mmoja kijana. Kijiji chao kimemtoza mama yake mbuzi kwa kukosa msiba, naye anataka niwaandikie barua kali ya kuwatishia mahakama. Nikamuuliza mama anaishi na nani huko. Akasema peke yake. Nikamwambia akalipe huyo mbuzi, tena aende mwenyewe, na amalize kwa heshima. Alinikodolea macho.

"Wewe ni wakili gani?"

 Alichukua karatasi zake akatoka, na nadhani ameshapata wakili mwingine.

Ninyi mlioko chuoni sasa, mnaofungasha mabegi kwenda likizo, nawaomba. Haki waelezeni wazazi wenu, ni haki yao kujua. Lakini mkishaeleza nyamazeni, mwacheni aamue yule atakayebaki pale ninyi mkishapanda basi. Msimtishe baba yenu kwa elimu aliyowalipia. Na kama umeshaharibu, usingoje mtihani wala mashindano, ondoka leo. Nenda ukampigie mama yako magoti wakati bado anasikia. Mimi wangu sikumwomba radhi.