Laini ya Adui

Sokoni Kashikishi tulikuwa wanne: wauzaji wawili wa laini za simu, kila mmoja chini ya mwavuli wa kampuni yake, mkimbizi mmoja aliyekuja kununua laini, na mimi, mwanangu mgongoni.

"Mama yangu iko mugonjwa kwetu kule Kilwa, ngambo ya ziwa," alisema mkimbizi. "Nataka nimusikie kila siku kwa interneti."

Muuzaji mmoja alikuwa ameshafungua pakiti. "Unaikala wapi, mama?"

"Kafutuma."

Akaiweka chini. "Netiweki yetu kule haishike. Ununue kwa huyu adui yangu."

Adui akacheka. "Leo umeokoka?"

"Mi niliokoka zamani. Ni mnara wetu haujaokoka."

Miavuli yote miwili imeandikwa kwamba kampuni inafika kila mahali. Ukweli niliupata kwa aliyekosa mteja.

Jumamosi iliyofuata mkimbizi aliniambia hajakosa siku kumsikia mama yake.