Kizibo Kisicholia

Siku yangu ya kwanza katika hoteli ile ya katikati ya Nairobi, Mzee Zakayo, mkuu wa weta, alinikabidhi chupa na kitambaa. Nilikuwa nimeacha shule mapema, nikahamahama: tanuri la mikate, gereji, duka la viatu. Kila mahali niliuliza maswali mpaka nikafukuzwa.

"Hii si shampeni," akasema. "Ni ndugu yake maskini. Imetoka Ufaransa vilevile, ina povu vilevile, ila mtu wa mshahara anaimudu. Legeza waya. Shika kizibo, zungusha chupa. Kitoke kwa pumzi tu, kama mtu anayetua mzigo."

"Kwani kikilia, Mzee? Wazungu si wanapenda mlio?"

"Walipenda. Sasa ni Hali ya Hatari, wanaogopa hata watumishi wao, kila mmoja ana bastola. Washtue, maswali yako utayauliza mbinguni."

Nikajifunza. Nilipouliza ladha yake, alisema sheria haimruhusu Mwafrika kuonja, kwa hiyo hajui. Alisema hayo akitazama dari.

Baadaye mimi na Mzee Zakayo tulitumwa kuhudumu wakati wa chakula cha mchana katika nyumba moja huko Westlands. Mwenye nyumba, meneja wa ghala, aliweka bastola kando ya uma wake. Nikafungua chupa nyuma yake, ikashusha pumzi. Alipogeuka, kizibo kilikuwa tayari mkononi mwangu.

"Hapana lia," akasema. "Nani fungua hii jikoni?"

"Nimeifungua hapa hapa, Bwana."

"Mimi hapana sikia! Kunywa!"

Nikinywa, nimevunja sheria mbele ya mashahidi. Nikikataa, mimi ni mtia sumu, na siku hizo, vijana wangu, mshukiwa kama huyo akiishia kizuizini alihesabiwa mwenye bahati.

Nikanywa. Kwanza baridi, kisha povu likanichoma ulimi kama uji uliochacha barabara. Ukafuata ukali wa tofaa bichi, na nyuma yake harufu niliyoijua tangu kwenye tanuri: unga uliokandwa ukaachwa uumuke. Sukari haikuwemo kabisa.

Akanisimamisha kando ya kiti chake, aone kama nitaanguka. Supu ikapoa. Ghafla tumbo langu likanguruma, na mkono wake ukaifuata bastola.

"Ni povu, Bwana," Mzee Zakayo akasema taratibu. "Likikuta tumbo tupu, hunguruma."

Bibi wa nyumba akacheka, akasogeza glasi yake. Nikamimina.

Tukirudi mjini, Mzee Zakayo akaninong'oneza, "Umeonja nini?"

"Tofaa bichi na unga wa mkate."

"Na chumvi kidogo," akasema. "Mwishoni."

Nilizunguka hoteli nyingi baada ya hapo, mabosi wa kila aina. Nilipostaafu nilinunua chupa ya namna ileile, nikaipeleka nyumbani Kangemi na kuifungua mezani.

Mke wangu akakunja uso. "Mbona haikulia? Isije ikawa imeharibika, Baba Rehema."

Nikamimina. Nikanywa kwanza mimi, nikiwa nimeketi.