Kiganja cha Kuwekea Vichwani

Jirani yangu huvikunjua vidole vya mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, kimoja kimoja, navyo hujikunja upya. Ana ule ugonjwa wa mishipa ya fahamu unaofanya kinga ya mwili imshambulie mtu mwenyewe. Kila Jumanne nampeleka hospitalini, akabandikwa vibandiko vyenye nyaya za mashine, umeme mdogo ukapita, kiganja kikafunguka. Huuma pindo la khanga. Mtaalamu wa mashine hiyo alipomuuliza anautaka mkono kwa kazi gani, kijiko au simu, alijibu kwa sauti yake ya kukwaruza, "Vichwa." Ikabidi nimweleze mimi: kwetu Waarusha mtoto humwinamia mkubwa, naye humwekea kiganja utosini. Siku hizi watoto wanatupungia kwa mbali kama watalii!

Jumanne iliyopita, mashine ikiwa imezimwa, aliuinua mkono mwenyewe. Kiganja kilikuwa wazi mbele ya mjukuu wake wa kike anayesoma chuo Tengeru, aliyetusindikiza siku hiyo. Binti akakipiga kofi.

"Gonga, koko! Bibi yangu, umeweza!"

Vidole vikajikunja. Damu ilinichemka. Nani amewafundisha kumpiga bibi mkono kana kwamba mpira umeingia golini? Nilifungua mdomo nifoke, jirani yangu akanikatiza.

"Wewe mzee, nyamaza." Akauinua mkono tena, polepole, jasho likimtoka. "Na wewe, chini. Chini zaidi."

Binti alicheka, kisha akauona uso wa bibi yake, akainama. Kiganja kikatua juu ya nywele za bandia, na bibi hakukiondoa hata mtaalamu alipomwita mgonjwa mwingine.